Kununua na Kukarabati Mashine ya Kukereza Iliyotumika: Mwongozo kwa Fundi Anayeanza

Thamani ya mashine ya kukereza chuma (lethi) iliyotumika imo katika sehemu tatu: kitanda, mhimili wa kichwa na skrubu ndefu ya kukatia nyuzi. Mota, beliti, bushi, swichi na hata chaki zinaweza kubadilishwa au kutengenezwa na fundi wa kawaida kwa gharama inayovumilika. Kitanda kilicholika hakiponi kwa msasa. Hulazimu kipelekwe kwenye mashine kubwa ya kusaga nyuso, au mtaalamu akikwangue kwa mkono kwa wiki kadhaa, na malipo ya kazi hiyo mara nyingi hupita bei iliyonunuliwa mashine yenyewe. Mengi yanayofuata katika mwongozo huu yanatokana na ukweli huo.

Karakana nyingi za Afrika Mashariki, za Gerezani jijini Dar es Salaam kama zile za eneo la viwanda la Nairobi, huendeshwa kwa lethi zilizokwisha kufanya kazi mahali pengine. Hilo si jambo la aibu. Lethi nzuri huwekewa chuma cha kutupwa kizito kwa makusudi, na ikipata mafuta kila siku humhudumia fundi, kisha mwanawe. Kwa kijana aliyemaliza mafunzo ya ufundi na hana mtaji wa mashine mpya, iliyotumika ni njia halali ya kujitegemea. Njia hiyo ina sharti moja: mashine hununuliwa kwa vipimo, na muuzaji hana wajibu wa kuikosoa bidhaa yake. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Kabla ya kwenda kutazama mashine yoyote, fundi anapaswa kuwa na orodha ya kazi anazotarajia kuzifanya katika mwaka wa kwanza. Anayelenga bushi na shafti za mashine za kusaga nafaka, puli, na vipuri vya pampu za maji anahitaji umbo moja la mashine. Anayelenga vipuri vidogo vya cherehani na pikipiki anahitaji jingine. Mambo yanayoamua ni kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda, umbali kati ya kichwa na mkia, na upana wa tundu la mhimili, kwa kuwa shafti ndefu isiyopita ndani ya mhimili hushikwa kwa taabu.

Namba za kiwandani husaidia, ilimradi zisomwe kwa usahihi. Katika mashine za China, C6140 ina maana ya kipenyo cha milimita 400 juu ya kitanda, na C6132 ni milimita 320. Mashine ya Kirusi 16K20 hutaja urefu wa kitovu juu ya kitanda, sentimita 20, kwa hiyo uwezo wake unalingana na wa C6140 ingawa namba ni nusu. Waingereza nao kwa desturi hutaja urefu wa kitovu: Myford ML7 huitwa mashine ya inchi 3 na nusu, na kipenyo inachobeba ni inchi 7. Mnunuzi asiyelijua hili huweza kudharau mashine inayomfaa, au kulipia ukubwa ambao haupo.

Sokoni hupatikana pia Colchester, Harrison na Boxford za Uingereza, HMT na Kirloskar za India, TOS za iliyokuwa Chekoslovakia, na 1K62 za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Tanzania yenyewe ilikuwa na kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, kilichojengwa miaka ya 1980 kwa teknolojia ya Bulgaria. Jina lolote kati ya hayo ni zuri likiwa limetunzwa. Swali la msingi ni kama vipuri vyake vinapatikana, na jibu hutafutwa kwa mafundi wanaoitumia mashine ya aina hiyo leo.

Uzito nao ni sehemu ya uamuzi. C6140 hukaribia au kuzidi tani 2, na haiwekwi kwenye sakafu ya chumba cha kupanga wala kupitishwa mlango wa kawaida. Anayeanza akiwa na nafasi finyu na umeme wa nyumbani atafanya vyema zaidi na mashine ndogo anayoimudu.

Uhalali wa mali

Mashine nyingi nzuri hutoka katika viwanda vilivyofungwa, mashule, mashirika ya umma na karakana za marehemu. Pale pale ndipo penye hatari ya kununua mali isiyo ya anayeiuza. Mnunuzi anatakiwa aone hati ya umiliki, au hati ya mnada, au barua ya msimamizi wa mirathi, na namba iliyopigwa kwenye kitanda ilinganishwe na iliyo kwenye hati. Kibao kilichong'olewa na namba iliyosagwa ni sababu tosha ya kuondoka. Risiti halali idaiwe hata kama muuzaji anatoa punguzo kwa kuikwepa. Bila risiti mashine haiwezi kuwekwa rehani benki, haikatiwi bima kwa urahisi, na mali ya biashara haionekani kwenye hesabu za kodi.

Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya, zote zikiwa na asili katika sheria ya Kiingereza ya 1893, zina kanuni ambayo kila mnunuzi wa mashine chakavu anapaswa kuielewa. Aliyepewa nafasi ya kuikagua bidhaa na akaikagua hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionesha. Mnadani mashine huuzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Maana yake ni kwamba ukaguzi ndio ulinzi wa mnunuzi, na asiyekagua amejivua ulinzi huo kwa hiari yake.

Ukaguzi

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: geji ya saa yenye kishikio cha sumaku, vania, tochi, kitambaa safi, na kipande cha shafti ya chuma cha kipenyo cha milimita 30 hadi 40. Asiye na geji ya saa aiazime, au amwombe fundi mzoefu aje nayo na amlipe siku yake. Malipo hayo ni madogo kuliko hasara yoyote iliyotajwa hapa.

Ukaguzi huanzia kwenye kitanda. Kigari kinachobeba kisu hufanya sehemu kubwa ya kazi yake karibu na chaki, hivyo njia za kitanda hulika upande wa kichwa na kubaki nzima upande wa mkia. Jambo la kwanza ni kupitisha ukucha ukingoni mwa njia ya mbele, karibu na chaki. Penye ulikaji ukucha hukwama kwenye ngazi ndogo, ambayo ni sehemu isiyopitiwa na kigari. Jambo la pili halihitaji kipimo: kigari kisogezwe karibu na chaki, kibanwe kidogo kwa boliti yake ya kufungia mpaka kiwe kizito mkononi, kisha kisukumwe taratibu kuelekea mkia. Kitanda kizuri hukipa uzito ule ule njia nzima. Kilicholika hukibana zaidi na zaidi, na wakati mwingine kigari hugoma kabisa kabla ya kufika katikati.

Baada ya hapo huja kipimo chenyewe. Sumaku ya geji huwekwa kwenye kigari, na ncha yake huguswa kwenye njia ambayo hutumiwa na mkia tu. Kigari kinapotoka mkiani kwenda kwenye chaki, sindano huonesha kimezama kiasi gani. Hapa wanaoanza wengi huogopa kisichostahili kuogopwa. Kisu kikishuka kwa milimita 0.1 wakati wa kukereza shafti ya milimita 25, kosa linaloingia kwenye nusu kipenyo halifiki hata elfu moja ya milimita. Kisu kikisogea kuelekea kwa fundi au kumwacha, kosa lote huingia kwenye kazi, na kwenye kipenyo huwa maradufu: milimita 0.05 za kusogea kando ni milimita 0.1 za kipenyo. Kwa hiyo ngazi iliyo kwenye ubavu wa njia ya pembetatu ya mbele ina uzito kuliko kuzama kwa njia bapa ya nyuma. Mashine yenye kuzama kidogo kwa chini na ubavu mzuri bado ni mashine ya kununua.

Mhimili hupimwa kwa kuweka ncha ya geji juu ya pua yake, si juu ya chaki, kwa kuwa chaki ina makosa yake yenyewe. Shafti ndefu hufungwa kwenye chaki kisha huinuliwa kwa nguvu ya mkono. Sindano ikicheza hadi milimita 0.02 au 0.03, mhimili ni mzuri. Ikicheza zaidi, huenda beringi zinahitaji kukazwa tu, kazi inayowezekana kwenye mashine nyingi. Ikipita milimita 0.1, mnunuzi ahesabu bei ya beringi mpya na ahakikishe kwanza kwamba zinapatikana. Ndani ya tundu la pua, pale pembe ya Morse inapokaa, ncha ya geji iguswe na mhimili uzungushwe kuona kama tundu linayumba. Kisha mashine iwashwe na kuachwa ikizunguka kwa kasi ya juu kwa dakika 20 au 30. Kichwa kuwa vuguvugu ni kawaida. Kisichoshikika kwa kiganja kina tatizo.

Wakati mashine inazunguka, masikio yafanye kazi. Kila gia ijaribiwe, mbele na nyuma, bila kuruka hata moja kwa sababu muuzaji amesema haitumiki. Mlio unaojirudia mara moja kwa kila mzunguko ni jino lililovunjika au kujazwa kwa kuchomelea. Mafuta ya kichwani yatolewe kidogo: yaliyogeuka rangi ya maziwa yameingia maji, na yenye kumetameta kwa chembe yanaonesha gia au beringi zinajisaga.

Skrubu ndefu hutazamwa karibu na kichwa, ambako nyuzi zake hulika zaidi. Nyuzi nzima zina uso bapa juu. Zilizolika huchongoka kama kisu. Nati ya nusu mbili inayofunga kwenye skrubu hiyo ikiruka au kuachia wakati wa kazi, mara nyingi ni nati iliyochakaa, na nati hutengenezwa. Mchezo wa gurudumu la slaidi ya kukatia, yaani kiasi gurudumu linachozunguka kabla ya slaidi kuanza kwenda, haupaswi kumfukuza mnunuzi. Hata mchezo wa robo ya milimita hufanyiwa kazi kwa mazoea ya kukaribia kipimo kutoka upande mmoja, na nati ya shaba ya kubadilishia haina bei kubwa.

Mwisho wa ukaguzi, kama umeme upo, muuzaji aombwe kukereza mbele ya mnunuzi. Uso wa kipande uliosawazishwa uwekewe ukingo wa rula: unatakiwa uwe bapa au uwe na bonde dogo sana katikati. Uliotuna katikati unaonesha slaidi haiendi sawa na mhimili, na kosa hilo halirekebishwi kwa kukaza kitu. Kukata kipande kwa kisu chembamba cha kutenganisha huonesha udhaifu wa mhimili kuliko kipimo chochote, kwa kuwa mashine yenye mchezo hutetemeka na kupiga kelele papo hapo. Muuzaji anayekataa majaribio haya ilhali umeme upo ameshajibu swali.

Vifaa vinavyoandamana na mashine vihesabiwe kimoja kimoja na kuandikwa kwenye hati ya mauzo. Gia za kubadilisha ndizo hupotea zaidi, na bila hizo mashine haikati nyuzi isipokuwa chache. Kwenye mashine ya inchi inayotakiwa kukata nyuzi za milimita, gia ya meno 127 ina umuhimu wa pekee: inchi 1 ni milimita 25.4, na 127 ndiyo namba nzima ndogo kuliko zote inayobeba uwiano huo bila baki. Chaki ya meno manne, bamba la uso, kishikizi cha shafti ndefu na ufunguo wa chaki navyo vina bei zake dukani, na kila kinachokosekana kipunguze bei inayotajwa.

Kiasi cha theluthi ya fedha iliyopangwa kibaki mfukoni baada ya ununuzi. Usafiri, waya, mafuta, visu na beringi zitaidai yote.

Umeme

Hapa ndipo wanaoanza wengi huumia. Mashine kubwa za karakana huja na mota ya fezi tatu, wakati nyumba na fremu nyingi za biashara zina fezi moja ya volti 230. Kabla ya kulipa, kibao cha mota kisomwe. Chenye maandishi 220/380 kinaonesha mota inayoweza kuunganishwa kwa mtindo wa delta na kuendeshwa na inveta inayopokea fezi moja na kutoa fezi tatu za volti 220. Chenye 380/660 au 400/690 hakikubali njia hiyo, na mota za nguvu kubwa mara nyingi ni za namna hiyo. Njia zinazobaki ni kubadilisha mota au kuomba laini ya fezi tatu kutoka kwa shirika la umeme. Mota iliyotoka Marekani ya herzi 60 huzunguka kwa upungufu wa sehemu moja ya sita kwenye umeme wetu wa herzi 50, na huweza kuchemka volti isiporekebishwa.

Kasoro moja ya umeme inastahili kusisitizwa kuliko nyingine zote. Lethi nyingi za zamani zina swichi ya kugeuza ambayo hubaki imewashwa umeme ukikatika. Fundi huacha swichi ilivyo, huinama kupima kazi au kuingiza ufunguo kwenye chaki, na umeme hurudi. Katika miji yetu umeme hukatika na kurudi bila taarifa. Swichi ya aina hiyo ing'olewe, na badala yake iwekwe kontakta yenye vitufe viwili, ambayo huachia umeme unapokatika na haiwashi tena mpaka kitufe kibonyezwe. Kitufe cha dharura kiwe mahali panapofikika kwa mkono wa kushoto bila kupita juu ya chaki. Waya wa ardhi uunganishwe na kupimwa. Kazi hiyo yote ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Anayefunga inveta kwenye mashine ambayo chaki yake hufungwa kwa nyuzi kwenye pua ya mhimili asiweke breki kali wala kugeuza mzunguko ghafla. Mhimili husimama, chaki nzito huendelea, na hujifungua ikiwa bado inazunguka.

Kuhamisha na kusimika

Lethi ina uzito mwingi juu na upande wa kichwa, kwa hiyo huanguka kirahisi kuliko inavyoonekana. Kigari na mkia husogezwa mwisho wa kitanda ili kusawazisha, kisha hufungwa. Mkanda wa kunyanyulia hupitishwa chini ya kitanda kwenye mbavu zake, na vipande vya mbao huwekwa kati ya mkanda na kingo. Skrubu ndefu, mhimili na magurudumu havishikiwi kwa kunyanyua hata kwa sentimita moja. Skrubu iliyopinda kwa pupa ya wapakizi hupoteza moja ya zile sehemu tatu zilizotajwa mwanzo. Vibarua walipwe vizuri na waelezwe hatari kabla ya kazi, na hakuna mtu aruhusiwe kusimama upande ambao mashine ingeweza kuangukia.

Sakafu ya zege imara inatosha kwa mashine nyingi. Kinachotafutwa katika kusimika ni kitanda kisichopindika. Mashine haihitaji kuwa sambamba kabisa na upeo wa macho. Kipimo cha kazi ni hiki: shafti ya milimita 30 hadi 40 hufungwa kwenye chaki ikichomoza milimita 150 hivi bila kushikwa na mkia, hukerezwa katikati iwe nyembamba ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Pete zote mbili hukerezwa kwa mpito mwembamba wa kisu kile kile bila kugusa gurudumu la slaidi, kisha hupimwa kwa maikromita. Zikitofautiana, boliti za miguu ya upande wa mkia hurekebishwa kidogo kidogo na kipimo kurudiwa. Kazi hii huchukua nusu siku, na ndiyo inayotofautisha mashine iliyosimikwa na iliyotuliwa tu.

Ukarabati

Utaratibu mwema wa ukarabati ni kusafisha, kupima, kisha kufungua kile tu ambacho kipimo kimekitaja. Kuvunjavunja mashine nzima kwa shauku ya siku ya kwanza huishia kwenye makopo ya boliti na mashine isiyorudi. Kabla ya kufungua sehemu yoyote, picha zipigwe kwa simu kutoka pande zote. Vipande vya kila sehemu viwekwe kwenye kopo lake na kuandikwa jina. Vipande vyembamba vya bati vinavyokutwa chini ya kichwa au mkia visitupwe, kwa kuwa viliwekwa na fundi aliyepima.

Grisi kuukuu na uchafu hutolewa kwa mafuta ya taa na brashi, mahali penye hewa na mbali na moto. Petroli haifai kwa kazi hii hata kidogo. Njia za kitanda hazipigwi msasa, wala brashi ya waya ya grainda. Kutu ya juu juu hutolewa kwa sufi laini ya chuma iliyoloweshwa mafuta. Rangi ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo isikwanguliwe ikiwa kavu wala vumbi lake kuachwa mahali wanapopita watoto.

Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu nzito husafishwa vizuri kwa njia ya umeme. Ndoo ya plastiki hujazwa maji yaliyoyeyushiwa magadi. Kipande huunganishwa kwenye upande hasi wa chaja ya betri, na bati la chuma la kawaida kwenye upande chanya, bila viwili hivyo kugusana. Baada ya saa kadhaa kutu hulegea na kubaki tope jeusi linalooshwa. Bati la upande chanya lisiwe chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa maji hupata sumu ya kromiamu. Gesi inayotoka ni haidrojeni, hivyo ndoo hukaa nje. Aluminiamu na shaba hazitiwi humo.

Baada ya usafi, kabari za slaidi hurekebishwa mpaka slaidi iende kwa ulaini bila kuyumba, beliti zilizopasuka hubadilishwa, na kila tundu la mafuta huzibuliwa. Kuhusu mafuta, mazoea ya kumwagia kitanda oili chafu iliyotoka kwenye injini za magari yakomeshwe. Oili hiyo imebeba chembe za chuma na tindikali, na kila mpito wa kigari huigeuza kuwa dawa ya kusagia. Oili ya haidroliki namba 68, inayopatikana karibu kila duka la vilainishi, inatosha kwa kitanda na slaidi ikiwa ile maalumu ya njia za mashine haipatikani. Kichwa kipewe namba iliyotajwa kwenye kibao au kitabu cha mashine. Grisi haipakwi kwenye njia kwa sababu hushika chembe na kuzifungia hapo hapo.

Rangi huja mwisho, na inaweza kungoja mwaka.

Wajibu wa mwenye mashine

Karakana inayoajiri hata mtu mmoja ni mahali pa kazi kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 zinataka sehemu za kazi zisajiliwe na sehemu hatari zinazozunguka zikingwe. Kifuniko cha gia kilichopotea kabla ya kununua mashine ni jukumu la aliyeinunua. Mfanyakazi anayeumia ana haki ya fidia, Tanzania kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na Kenya chini ya sheria ya fidia za majeraha kazini ya 2007, na haki hiyo haipotei kwa kuwa yeye ni kijana anayejifunza kazi au ni ndugu wa mwenye karakana.

Kanuni za mashine yenyewe hazina mjadala. Glavu hazivaliwi kwenye kazi inayozunguka. Mikono mirefu hukunjwa juu ya kiwiko, mikufu na pete huvuliwa, nywele na ushungi hufungwa na kuingizwa ndani ya ovaroli. Miwani ya kinga huvaliwa na kila aliye karibu. Mabaki marefu ya chuma yanayojiviringa huondolewa kwa ndoano, mashine ikiwa imesimama. Ufunguo wa chaki hauachiwi mkono ukiwa bado umo ndani ya chaki. Mwanagenzi anayejifunza aelezwe sababu ya kila kanuni, kwa kuwa anayejua sababu huishika hata mwalimu asipokuwepo.

Uaminifu kwa mteja nao hupimwa kwa maikromita. Fundi aliyeipima mashine yake anajua kwamba inashika, kwa mfano, milimita 0.05 katika urefu fulani, na hapaswi kupokea kazi ya beringi inayotaka milimita 0.01 kwa tumaini la bahati. Kazi kama hiyo ipelekwe kwa mwenye mashine inayoimudu. Vipimo vya siku ya kusimika viandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, na virudiwe kila baada ya miezi michache. Siku mashine itakapouzwa, daftari hilo apewe mnunuzi pamoja na risiti.

Mafundi wakongwe wanaombwa kuchukulia ukaguzi wa mashine kwa ajili ya kijana anayeanza kama sehemu ya kazi yao: watoe nusu siku, wabebe geji zao, waseme ukweli mbele ya muuzaji, na wapokee ujira wa haki kwa huduma hiyo.